Msee wa Pili: Edi Gathegi, na Boi Yangu wa Bambu

Kuna msee amededi kwa skrini mara mob, na kila akidedi ndio watu wanazidi kumjua. Gone Baby Gone, 2007: ni Cheese, mwuza ngada wa Boston, akamalizwa. Twilight, 2008: ni Laurent, vampaya mwenye dredi na adabu ya Kifaransa, na New Moon ilipokam mwaka uliofuata mbwamwitu wakamshukia. X-Men: First Class, 2011: ni Darwin, mtu ambaye pawa yake ni mwili kubadilika ndio asikufe, na bado wakapata njia ya kumuua kabla vita kubwa ianze. The Harder They Fall, 2021: ni Bill Pickett, kauboi, risasi tena. Jina yake ni Edi Gathegi. Alizaliwa Nairobi tarehe 10 Machi 1979, akakulia California. Ukitaja hiyo jina kwa base, wasee wanakuangalia tu. Ukiwaonyesha picha, wote wanaruka: "Aaah, huyo! Huyo namjua!"

Hiyo "huyo namjua" ndio kazi yenyewe. Hollywood iko na jeshi zima la maakta wa hiyo aina. Si stering, na si ekstra wa kupita nyuma amebeba ndoo. Ni yule wa katikati. Anaingia dakika tano, anakupea mtu mzima mwenye mathee, madeni, njaa na kiburi, alafu anatoka na stering anaendelea kukimbia. Mimi hawa wasee nawapea heshima kuliko stering yeyote. Na naiandika hii nikimfikiria boi moja wa Bambu, Ituri, mtoto wa mamdogo wangu, ambaye ananitumia voisi usiku akitaka kujua mtu anakuwa akta aje. Mimi nimekulia Kayole, yeye amekulia Djugu, lakini muvi tunacheki zile zile.

Tuanze na goti. Gathegi hakupanga hii maisha. Alikuwa University of California, huko Santa Barbara, na akili yake yote ilikuwa kwa baske. Goti ikaumia. Ukiwa umejenga ndoto yako yote juu ya mguu, na mguu ikakataa, unazama, na yeye alizama kweli. Akachukua somo la uigizaji juu alidhani ni rahisi, la kujazia tu. Hapo ndio moto ilishika. Kutoka hapo akaenda NYU, New York, shule ya Tisch, akasomea uigizaji hadi shahada ya pili. Kwa steji akapiga Shakespeare: Othello, Twelfth Night, zile kazi unakariri mpaka ulimi inajua njia bila kuulizwa.

Sasa skia kazi ya muvi iliyomngoja baada ya hayo masomo yote. Crank, 2006. Jason Statham amedungwa sumu na lazima moyo yake ikimbie mbio ndio asidedi. Gathegi ni dereva wa teksi. Pale mwisho, kwa majina, hana hata jina: ameandikwa dereva wa teksi kutoka Haiti. Msee ana shahada mbili, amesimama kwa steji na Othello mdomoni, na dunia ya sinema inamkaribisha kwa kazi na nchi, na hata hiyo nchi si yake.

Wengi hapo wangebeba begi warudi home na hasira, na hiyo hasira ingekuwa halali. Mimi mwenyewe ikinichoma nakumbuka kitu moja: yule dereva unamkumbuka. Statham ndio amebeba kamera, sini ni fupi, na bado ukimaliza muvi yule jamaa amebaki kwa kichwa. Hapo ndio unajua mtu amekuja kazini. Hakuigiza "Mhaiti". Aliigiza msee mmoja ako kazini siku moja, na mteja mwenye wazimu ameingia gari yake.

Mwaka uliofuata ndio ilinifanya nimwamini kabisa. 2007, mwaka mmoja, huyu mtu alikuwa Cheese, yule gaidi wa mtaa kwa muvi ya kwanza Ben Affleck aliielekeza, na tena akawa Jeffrey Cole kwa House, sizoni ya nne, daktari Mmormoni mtaratibu anayesaka kazi chini ya Hugh Laurie. Weka hizo sini mbili kando kwa kando. Sauti si moja, mabega si moja, hata vile anapumua si moja. Mtu wa Cheese anakaa kwa kiti kama amenunua jengo. Mtu wa Cole anakaa kama amekuja kuomba ruhusa. Kama uko mtaani na unataka kujua kuigiza ni nini, hauhitaji kitabu. Cheki hizo mbili usiku mmoja, punguza sauti hadi chini, uone mwili peke yake inasema nini.

Lakini pia lazima tubonge ukweli kuhusu zile nafasi alikuwa anapewa. X-Men: First Class ni muvi kuhusu watu wanaotengwa juu ya vile walizaliwa. Hiyo ndio mada yake. Na kwa ile timu ya vijana wenye pawa, wa kwanza kuuawa ni Mweusi, tena yule ambaye pawa yake ni kuishi. Mafans walilalamika wakati huo na wanalalamika hadi leo, na wako sawa. Msee anaweza kuwa mkali aje, kama aliyeandika stori ameamua wewe ni wa kufungua mlango ndio Wazungu walie, utafungua mlango. Kazi nzuri haifuti makosa ya karatasi. Inafanya tu yaonekane zaidi, juu unabaki ukijiuliza: huyu mtu alikuwa na vitu kiasi hiki, mbona mkamtoa?

Alafu cheki vile muda ulilipa. Ile Haiti ya teksi ilirudi. 2016, kwa StartUp, stori ya Miami, Gathegi ni Ronald Dacey, kiongozi wa genge mwenye asili ya Haiti. Safari hii ana jina, ana bibi, ana watoto, ana mtaa unaomwogopa na unaomhitaji, na ana sizoni tatu, hadi 2018. Hiyo shoo ilionyeshwa kwa Crackle, jukwaa dogo ambalo wengi mtaani hawakulijua, ikakuja kufufuka kwa Netflix 2021, na hapo ndio wasee wakaanza kusema "huyo namjua" kwa sauti kubwa. Kutoka dereva bila jina hadi Ronald Dacey ni miaka kumi. Miaka kumi ya kuingia kwa chumba, kusema jina yako, kusoma karatasi mbele ya watu wanaokunywa kahawa, na kungoja simu.

Katikati ya hiyo miaka kulikuwa na kazi za kulipa rent. Matias Solomon kwa The Blacklist kuanzia 2015, mtu mbaya mwenye tabasamu, aliyebamba mpaka wakamweka kwa shoo ya pembeni ya The Blacklist: Redemption, 2017. Hiyo ilikaa sizoni moja ikazimwa. Ndio maisha. Unapata nyumba, inabomolewa, unaanza kusaka ingine.

Kuhusu ganji, wacha niseme kitu vijana wetu hawaambiwi. Tukiona mtu kwa skrini ya Marekani tunadhani ameomoka. Wapi! Mwaka 2023, union yao, SAG-AFTRA, iligoma kutoka 14 Julai hadi 9 Novemba, siku 118. Hapo ndio namba zilitoka nje. Ili akta apate bima ya afya ya union, alihitaji kuingiza angalau dola 26,470 kwa mwaka. Karibu asilimia 86 ya wanachama hawakuwa wanafika hapo. Yaani wengi wa hao watu unaona kwa muvi wanaendesha teksi ya ukweli, wanahudumu kwa hoteli, wanafunza watoto, alafu wanakimbia odishen. Barkhad Abdi, yule Msomali aliyezaliwa Mogadishu, alikuwa anaendesha gari za kukodi Minneapolis kabla ya Captain Phillips, 2013. Hiyo muvi ilimpeleka hadi kwa orodha ya Oscar na ikampa tuzo ya BAFTA ya akta msaidizi. Hata baada ya hapo, ganji haikumwagika kama maji.

Kwa hivyo boi akiniuliza kama kuna pesa, namwambia kuna kazi. Pesa inafuata kazi mara ingine, na mara ingine inapotea njia.

Sasa Bambu. Kwa wasee wa Nairobi wasiojua: Bambu iko Djugu, juu ya Bunia, kwa vilima. Ni mahali dhahabu ilijenga. Dhahabu ya Kilo ilionekana 1903, Wabelgiji wakaweka migodi ya Kilo-Moto, na Bambu ikawa makao ya kampuni kwa upande wa Kilo. Leo kampuni inaitwa SOKIMO, na wengi wanaochimba ni vijana wenyewe, kwa mikono, koleo na pampu. Ukiwa huko na miaka kumi na nane, swali ni unashuka shimo ya nani, na PDG wako, yaani mwenye shimo, anagawa aje jioni. Na juu ya hiyo kuna vita. Ile ya 1999 hadi 2003, alafu ingine iliyoanza mwisho wa 2017, na tangu Mei 2021 mkoa mzima uko chini ya utawala wa kijeshi. Watu wamehama, wakarudi, wakahama tena. Mamdogo wangu anajua kufunga nyumba nzima kwa kitenge kimoja.

Na katikati ya hayo yote, muvi zinaonyeshwa. Jenereta au sola, ukuta, flash, benchi. Wenye hawana pesa ya benchi wanajazia muvi kwa memori ya simu kwa fundi. Vijana wa Bambu wamecheki vitu mob kuliko wasee wengi wa Nairobi wenye intaneti ya nyumbani, juu wao muvi moja wanairudia hadi wanajua kila pumzi.

Siku moja boi alinitumia voisi ikanikalisha chini. Alisema: "Yaya, mi sina sura ya akteri. Mi niko na sura ya ule mutu mwenye wanauaka wa kwanza."

Hakuwa analia. Alikuwa anaripoti tu, kama mtu anakuambia bei ya nyanya. Na nilijua hiyo kitu ametoa wapi.

Mwaka 1951 Hollywood ilikam karibu sana na kwao. John Huston alileta Humphrey Bogart na Katharine Hepburn kupiga The African Queen, sehemu moja kwa mto wa Ruiki huko Kongo, na ingine Uganda, ikiwemo Butiaba, ng'ambo ya Ziwa Albert. Ukisimama Tchomia ama Kasenyi ukaangalia maji, ndio hayo. Bogart alibeba Oscar yake kwa hiyo muvi. Robert Morley, akta msaidizi, Mwingereza mwenye tumbo na sauti ya padri, hakukanyaga huku hata siku moja: sini zake zilipigwa studio huko London, na jina yake iko kati ya za kwanza kwa orodha. Wanakijiji walioimba kwa kanisa, waliobeba mizigo, walioteketezewa nyumba kwa stori, hao wako tu. Sura bila jina.

Ruka hadi 2003. Tarehe 15 Mei, televisheni ya Marekani ilionyesha episodi ya kufunga sizoni ya tisa ya ER. Inaitwa Kisangani. Madaktari wa Chicago wameenda Kongo, kuna waasi, kuna watoto wagonjwa, kuna damu. Ilipigwa Hawaii. Na mwezi huo huo, Bunia ya ukweli ilikuwa inaungua. Jeshi la Uganda lilikuwa limetoka siku chache tu kabla, wanamgambo wakaingia mitaani, watu wakajazana kwa kambi ya Umoja wa Mataifa na kando ya uwanja wa ndege. Kikosi cha Ulaya, Artemis, kilikuja kufika Juni. Mamilioni ya watu Marekani walilia na Kongo ya Hawaii usiku mmoja, na sisi tulikuwa hapa tunahesabu nani amefika na nani hajafika. Sisemi ER ilikosea kubonga kuhusu Kongo. Ilikuwa afadhali kuliko kunyamaza. Nasema tu kwamba kwa hiyo stori sisi ndio tulikuwa ukuta wa nyuma, na mtoto akikua akijiona ukuta, siku moja atasema sura yake ni ya kuuawa.

Kwa hivyo nilimtumia boi zile picha za Gathegi. Zote. Cheese, Laurent, Darwin, Dacey. Nikamwambia: huyu naye walimpa sura ya kuuawa. Cheki alifanya nini nayo.

Kuna kitu mtaa wetu ulifanya tangu zamani ambayo watu wa vyuo hawajaiheshimu vya kutosha. Nairobi tuko na DJ Afro, Kampala wako na VJ Jingo na wenzake. Hawa wasee huchukua muvi ya kigeni na kuisimulia upya juu ya sauti, kwa Kiswahili cha mtaa ama Kiganda. Na cheki vile wanafanya: hawamwachii stering stori yote. Yule mlinzi wa geti, yule mpishi, yule jambazi wa tatu kutoka kushoto, wote wanapata jina, tabia, na mpango. Kwa kibanda cha video, msee wa pili hajawahi kuwa wa pili. Nimekuwa kwa hizo benchi na nimeskia watu wakishangilia jambazi mdogo kuliko shujaa, juu DJ alimpea maisha. Sisi tulishajua kumwona mtu wa pembeni. Kile kilikuwa kimebaki ni sisi wenyewe kusimama hapo.

Na watu wamesimama. Nairobi Half Life, 2012, ya Tosh Gitonga, inaanza na Mwas, kijana wa ocha anayeuza muvi za kigeni akiigiza masini mbele ya wateja ndio wanunue. Joseph Wairimu alimcheza kwa njaa ya ukweli, na Olwenya Maina akacheza Oti, bosi wa genge, akakaribia kuiba muvi nzima. Maina alituacha 2022. Ukitaka kuelewa akta wa pembeni wa nyumbani, anza na Oti: cheki vile anacheka kabla ya kuwa hatari.

Kinshasa kuna Rachel Mwanza. Alikuwa ameishi kwa barabara. Akachaguliwa kwa Rebelle, muvi ya Kanada iliyopigwa Kongo, na Februari 2012 huko Berlin akatunukiwa Dubu wa Fedha kama mwigizaji bora wa kike. Hakuna shule ya Tisch hapo. Kulikuwa na macho, na mtu aliyeamua kuangalia.

Na Kampala, ambayo kwa mtu wa Bambu iko karibu mara nyingi kuliko Kinshasa, kuna Wakaliga. Isaac Nabwana alikuwa anafinyanga matofali, akaanza kupiga muvi za vita na majirani zake. Who Killed Captain Alex? ya 2010 wenyewe walisema haikufika dola 200. Bunduki ni za kuchomelea, helikopta ni ya kompyuta, na maakta ni watu wa mtaa wanaokuja bila mshahara, alafu wanagawana wakiuza diski mkononi. Watu duniani wanaicheki wakidhani ni mchezo. Mimi naicheki nikiona kila mtu kwa skrini anajua yeye ni nani. Hakuna ekstra Wakaliga. Hata anayedungwa risasi mara tatu kwa muvi moja, kila mara anadedi na stori tofauti. Hapo hapo Kampala, tangu 2004, kuna Maisha Film Lab, iliyoanzishwa na Mira Nair ili kufunza watu wa Afrika Mashariki kuandika na kuelekeza muvi. Mira Nair ndiye aliyepiga Queen of Katwe, 2016, na kwa hiyo muvi utamwona Ntare Mwine, mtoto wa Waganda aliyezaliwa Marekani, msee mwingine wa "huyo namjua": Blood Diamond, Heroes, Treme, alafu Ronnie kwa The Chi, kazi ambayo inauma hadi leo.

Boi aliniuliza aanze na nini. Hana kamera, ana simu. Nikamwambia aanze na vile tayari ako navyo, na ako na vitu hata Gathegi alibidi asomee. Anabonga Kilendu kwa nyanya yake, Kiswahili kwa soko, Lingala na wanajeshi, Kifaransa na mwalimu. Hizo ni sauti nne, na kila moja inabadilisha vile anasimama, nimemwona. Akibonga na mwanajeshi mikono inashuka na shingo inakuwa fupi. Akibonga na nyanya anainama kidogo upande wa kushoto, juu nyanya haskii vizuri sikio moja. Hiyo ni shule. Nikamwambia aende pale dhahabu inapimwa, akae, acheki mikono ya anayepima na macho ya anayepimiwa. Acheki mama wa sombe akimkopesha mtu aliyeshindwa kulipa jana. Arudi home, awe huyo mtu kwa dakika moja mbele ya simu, bila kuchekesha. Vijana wengi tukipata simu tunakimbilia vichekesho, na vichekesho viko poa, lakini akta lazima ajue kukaa na mtu bila kumcheka.

Alinitumia ya kwanza: mzee anangoja malipo na hajui kama yatakuja. Hakuna neno hata moja. Anakunja kofia, anaikunjua. Niliicheki mara mob. Nikaonyesha mathee, akaniuliza, "Huyu ni mtoto wa nani? Amekaa kama marehemu baba yangu." Mathee alitoka Bambu kitambo, na alimtambua mtu wa kwao kwa kofia tu.

Naye Gathegi hakuishia kwa kufa. 2022, For All Mankind, sizoni ya tatu, akaingia kama Dev Ayesa, bilionea wa roketi anayetaka kufika Mars kabla ya serikali, na kwa stori babake Dev ni mhamiaji kutoka Kenya. Hapo skrini ilimruhusu kutoka mahali alitoka. Alafu Julai 2025 ikakam Superman ya James Gunn. Gathegi ni Mister Terrific, Michael Holt, mmoja wa watu wenye akili zaidi duniani, ameandikwa Fair Play kwa mikono ya jaketi, na vile vimpira vyake vinamzunguka vikimtii. Stering ni David Corenswet, na yuko sawa. Lakini ingia kibanda chochote, subiri ile sini ya ufukweni ambapo Terrific anapiga jeshi zima peke yake bila kukunja uso, uskie benchi. Watu walitoka wakimtaja yeye. Ni miaka kumi na tisa tangu ile teksi, na safari hii hakudedi.

Msidanganywe ati alikuwa amengoja bahati. Ile utulivu ya Terrific, ile ya kusimama tuli wakati kila mtu anapiga kelele, utaipata kwa Cole 2007, kwa Solomon 2015, kwa Dacey. Alikuwa anaijenga kwa masini ambayo wengi wetu tuliruka tukienda kuchota maji.

Boi wa Bambu sasa anarekodi kila wiki, na ana wenzake wanne, wawili wanashuka shimo, mmoja anauza mafuta, mmoja anasoma Bunia. Wasee wa Kampala na Nairobi mnaoandaa odishen: wekeni tangazo pia kwa Kiswahili, na mkubali video ya simu, juu kutoka Djugu barabara haifunguki kila siku. Wenye vibanda vya video, Bunia, Kayole, popote: msizime muvi stering akishashinda. Acheni majina yapite hadi mwisho, na mwenye anajua kusoma awasomee wengine kwa sauti.